Mzabibu Unaokatwa Januari

Vijana wangu wa ghala la Makongolosi, siku ile mnaniaga nikistaafu mlinipa blanketi, halafu mkanipa kipaza sauti. Blanketi nililipokea vizuri. Kipaza sauti kilinishinda. Nilisema asanteni, nikarudi kukaa, na watu wakapiga makofi wakidhani hotuba ndo imeisha. Sasa nimetulia hapa Mlandege, mjini Iringa, nina kiti, nina kalamu, na hakuna anayenitazama usoni. Nitasema yote.

Naandika kwa sababu ya mwenzenu mmoja, yule anayepiga dawa. Alinifuata getini siku hiyo hiyo akaniuliza, "Mzee Gaudensi, ule mzabibu wa peke yake pale juu, karibu na jiwe kubwa, si tuung'oe tu? Kila mwaka tunaukata Januari kwenye mvua, kila mwaka zabibu zake zinaoza. Unatumalizia dawa bure." Nikamwambia subiri, nitakujibu. Jibu lenyewe ndo hili. Ni refu kidogo, lakini nyie mmezoea, hata njia ya kwenda chooni nilikuwa nawaeleza kwa kuanzia mbali.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara ulikuwa unajua kuruka wenyewe bila msaada wangu.

Shule nilisoma mpaka katikati ya darasa la nne. Katikati kweli, maana niliondoka wakati wenzangu wanaanza hesabu za sehemu. Mpaka leo nusu naielewa, robo naikadiria. Kutoka pale nikaenda Chunya kutafuta dhahabu. Miaka ile ya hamsini kila mtu Iringa alikuwa na binamu aliyetajirika Makongolosi, ingawa binamu mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Na mimi nikaenda niwe binamu wa watu. Nilichimba mashimo marefu, yamenyooka vizuri, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilirudi na kikohozi, na vumbi masikioni ambalo mke wangu anasema halijaisha.

Lakini kuchimba nilijua. Ndo maana niliposikia kwamba misheni kuna padre mpya anatafuta mtu wa kuchimba, nilikwenda asubuhi hiyo hiyo na jembe langu begani.

Padre Anselmi alikuwa Mfaransa, mrefu, mwembamba, kanzu yake inaishia juu ya vifundo vya miguu kama imemwogopa. Alikuwa amefika na sanduku la vijiti vikavu vilivyozungushiwa magunia yenye unyevu. Vijiti hivyo vilipanda meli, vikapanda treni mpaka Dodoma, vikapanda lori mpaka Iringa, na njia nzima padre alikuwa anavinyunyizia maji kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa mizabibu kutoka kwao. Divai ya misa wakati ule ilikuwa inatoka mbali sana, na mara nyingi ilifika imeshakuwa siki, mapadre wanakunja uso altareni na waumini wanadhani ni uchungu wa dhambi zao. Padre Anselmi alitaka itengenezwe hapa hapa.

Tulionana nyuma ya jiko la misheni.

"Unajua kuchimba?" akaniuliza.

"Ndiyo, Padre. Nimechimba Makongolosi."

"Ulipata dhahabu?"

"Hapana, Padre."

"Vizuri. Hapa pia hakuna. Twende."

Siku hiyo ya kwanza nilichimba mashimo mawili. La kwanza bondeni, kwenye udongo mwekundu, laini, mnono, ambao ukiuacha wiki moja unaota kitu hata kama hukupanda. La pili kule juu mlimani, pale mnapopajua, kwenye mawe. Jembe langu lilitoa cheche. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni aliniuliza nazika nini.

Nilipomaliza, padre akaingia ndani ya shimo la mlimani na kanzu yake. Akachukua udongo kwa vidole, akautazama, akaunusa, akautia mdomoni. Nikasema moyoni, Gaudensi, kazi hii haitadumu, tajiri mwenyewe ni mgonjwa.

"Onja," akaniambia.

"Nimeshakula asubuhi, Padre."

"Onja."

Nikaonja. Ule wa bondeni nilikuwa nimeuonja kabla kwa bahati mbaya, maana uliniingia mdomoni wakati nachimba. Ni mtamu-mtamu, unateleza, kama ukoko wa uji. Lakini huu wa mlimani ulikuwa mambo mengine. Chumvi kidogo, halafu chuma, kama umelamba jembe, halafu mwishoni kuna moshi, ile harufu ya jiwe likigongwa na jiwe. Nikautema mbali. Padre hakutema. Alisimama mule shimoni ametulia kabisa, akasema, "Huu una neno."

Wakati wa chakula ndo alitueleza. Tulikuwa mimi na Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa mkasi, aliyejifunza kupogolea kwenye kahawa za kwao na asiyeweza kupita karibu na mti wowote bila kuutafutia kosa. Padre alisema kwao ni mahali panaitwa Burgonya. Kuna mlima mmoja mrefu, na mlima mzima una aina moja tu ya zabibu nyekundu. Lakini upande huu wa kijia divai inakuwa kali, inakaa pipani miaka, na upande wa pili, hatua chache tu, divai ni laini na inanywewa mapema. Kila kipande cha shamba kina jina lake kama mtu. Watawa wa zamani walikuwa wanatembea wanaonja udongo, wanaweka mawe ya mpaka pale ladha inapogeuka. Na watu wa pale wanakata, wanavuna na kukanyaga zabibu kama baba zao walivyofanya, kwa watakatifu wale wale na siku zile zile.

"Zabibu ni ile ile," akasema. "Udongo ndio unaozungumza. Na watu wameusikiliza muda mrefu mpaka wamefanana nao."

Ambakisye akamega ndizi yake. "Sisi Tukuyu udongo wetu unazungumza ndizi."

"Ndo maana mmepinda," nikamwambia.

"Afadhali ndizi, Mhehe. Kwenu udongo unazungumza na mbwa anakimbia."

Mnajua utani huo, kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Ambakisye aliutumia kila siku ya Mungu mpaka tunazeeka, na kila mara alicheka kama ameutunga asubuhi ile.

Mimi nikamwambia padre kwamba hata sisi jambo hilo tunalo. Ulanzi, ile pombe yetu ya kugema, wa mianzi ya bondeni ni mwingi lakini maji-maji. Ulanzi wa mianzi ya mgongoni mwa mlima, kwenye baridi na upepo, ni mchache na unashika. Mtu wa hapa anapita vilabu viwili bila kugeuka kwenda kunywa kwenye cha tatu, kwa sababu anajua mianzi yake imesimama wapi. Padre akaweka kijiko chini. Jumamosi yake tulimpeleka. Alionja wa bondeni, akaonja wa mgongoni, akataka kuhakikisha, akaonja tena. Alikuwa anasema ni masomo. Tuliporudi, masomo yalikuwa yanaimba Kilatini njia nzima.

Tukapanda pande zote mbili, bondeni na mlimani. Watu wa bondeni wakatuona tuna akili, watu wa mlimani wakatuona tumerogwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mrututu, ile dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Nyie mna pampu za mgongoni zinazofunga vizuri. Sisi tulikuwa na debe, mrututu, chokaa na ufagio. Unachovya ufagio, unakung'uta juu ya majani, na upepo unakurudishia nusu yake. Shati langu likawa la buluu, ndevu zikawa za buluu, na jibwa langu lililokuwa linalala chini ya mizabibu likawa la buluu upande mmoja. Ambakisye akasema sasa huyo hata Mhehe hatamla.

Januari ya kwanza ndo tukakutana na Mtakatifu Vinsenti. Huyo ni mwombezi wa watu wa mizabibu huko kwao padre, na sikukuu yake iko Januari. Siku hiyo watu wote wa Burgonya wanatoka kwenye baridi, wanakata mizabibu, wanachoma zile fito zilizokatwa, wanabanika soseji juu ya makaa, wanakunywa. Kwao Januari mizabibu imelala, haina hata jani. Kwetu Januari mnaijua. Mvua inanyesha kama imetumwa. Tulikata tumejifunika magunia kichwani, matope mpaka magotini, na fito zikagoma kuwaka mpaka Mama Odilia akaleta mafuta ya taa kutoka jikoni.

Mama Odilia alikuwa ndiye mpishi wa misheni, mama mnene wa Kibena, mpole, mwenye amri. Soseji hakuwa nazo. Alileta viazi mbatata, akavifukia kwenye majivu. Tulikula tumesimama kwenye mvua. Padre alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu mzima, na viazi vile, niseme ukweli, sijapata kula vitamu kama vile.

Lakini mizabibu ikikatwa Januari inachipua na kutoa maua mvua ikiwa imeshika kabisa. Ukungu ukaingia. Vishada vikawa vyeupe, halafu vyeusi, halafu vikadondoka. Mwaka uliofuata vile vile.

Ambakisye alikuwa hawezi kulala. "Padre, hata kahawa ukiikata wakati wa mvua inakuchukia."

"Najua, Ambakisye."

"Sasa kama unajua, Padre?"

"Kata."

Na tulikata. Nilidhani ni ukaidi. Mimi nina wajomba wa aina hiyo, sikushangaa.

Mwaka wa tatu mvua ilikatika mapema, tukaokoa vishada kiasi cha kujaza pipa moja dogo, moja ya yale ya mbao tuliyopata kwa setla wa Kigiriki aliyekuwa analima tumbaku. Padre alitufundisha kukanyaga kwa miguu. Tukaosha miguu, akaikagua yote, yangu akairudisha ioshwe tena. Tukakanyaga, tukafunika, na kesho yake padre akaitwa kwa mgonjwa mbali, upande wa Usangu. Akatuachia neno moja tu: "Liangalieni."

Sasa fikirieni. Kwetu sisi kinywaji chenye makapi huwezi kumpa mgeni. Pombe ya mgeni inachujwa. Pombe ya mkwe inachujwa mara mbili. Na hii ilikuwa ya padre, tena ya misa. Mama Odilia akaja, akafunua pipa, akaona maganda yote yanaelea juu na povu. Akatutazama kama watoto tuliojisaidia ndani.

"Mnataka Padre anywe hivi?"

Mimi nilikuwa wa kwanza kushika chujio. Tulichuja kwa bidii. Ambakisye alikuwa anakamua maganda kwa mikono kama anakamua nguo. Maganda tukawapa nguruwe wa misheni, na nguruwe walifurahi hadi jioni.

Nyie mnajua, na watoto wenu wanajua, kwamba divai nyekundu inapata rangi na nguvu yake kwenye maganda. Maji ya zabibu yenyewe hayana rangi ya maana. Sisi hatukujua. Padre alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, hata maji hakunywa, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akafunua. Mule ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya ufizi.

"Maganda yako wapi?"

"Tumetoa, Padre," Mama Odilia akasema. "Nimechuja mara mbili."

Padre akakaa juu ya debe. Ambakisye alianza kuangalia mlango. Halafu padre akachota kikombe, akanywa, akamtazama Mama Odilia. "Mama," akasema, "ni safi sana."

"Ndiyo, Padre," akasema Mama Odilia, na mpaka padre alipomweleza habari za maganda wiki iliyofuata alikuwa anatembea kwa maringo.

Divai ile haikufika Noeli. Ikawa siki, tukaila kwenye kachumbari.

Ndipo Padre Mkuu wa misheni akachoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa viazi. Alikuwa na shule ya kulisha, na wagonjwa, na wageni, na kila akitoka nje anaona vipande viwili vya shamba vinakula mrututu bila kutoa kitu. Siku ya Noeli, baada ya misa, akatusimamisha wote mbele ya kanisa na kusema kwa upole kabisa: "Anselmi, nakupa mpaka Noeli ijayo. Kama hakuna divai nzuri ya kuweka kwenye kalisi ya misa, mizabibu yote ing'olewe, tupande viazi."

Padre Anselmi akainamisha kichwa. Kwa mtawa neno la mkuu ni neno. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupenda vile vijiti bila kujua. Unakaa na kitu, unakikung'utia ufagio, kinakupaka buluu, siku moja unasikia kitang'olewa, unaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa nusu darasa. Tukikata Januari, itaoza kama ilivyooza, na hakuna nafasi nyingine kabla ya Noeli. Tukingoja mpaka mvua ziishe, Mei, tukate kiangazi kinaanza, mizabibu itatoa maua kwenye jua na kuivisha Oktoba kabla mvua hazijarudi. Padre alikuwa analijua hilo kuliko sisi. Na bado siku ya Vinsenti ilipofika, alikuja asubuhi na mkasi wake mkononi, mvua inamtiririka.

Hakuna aliyesogea. Ambakisye alishika mkasi wake nyuma ya mgongo. Mimi, kwa kuwa nikiogopa huwa naropoka, nikauliza, "Padre, huyu Mtakatifu Vinsenti, alishawahi kufika Iringa?"

Padre alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mzabibu, na sikujua ni wakati gani kicheko kiliisha na kitu kingine kikaanza. Akajifuta uso, ingawa kwenye mvua ile kujifuta hakukuwa na maana.

"Baba yangu hajui kuandika," akatuambia. "Toka nimeondoka, sijui leo amekula nini, anaumwa au haumwi. Lakini siku ya Vinsenti najua. Asubuhi hii yuko shambani kwake na mkasi. Siku zote nyingine za mwaka sijui baba yangu anafanya nini. Leo najua. Na yeye anajua mimi nafanya nini."

Mimi niliyedhani ni ukaidi nilitazama viatu vyangu, na ilikuwa kazi, maana vilikuwa ndani ya matope.

Mama Odilia alikuwa amefika na kikapu chake cha viazi chini ya mwavuli. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ile ile anayotumia kuagiza chumvi, "Basi kata mmoja, Padre. Baba yako atakuona tu. Hii mingine iache."

Padre akamtazama. Akatembea mpaka juu kabisa, kwenye mzabibu ule karibu na jiwe kubwa, akaukata. Aliukata polepole, vizuri, kila tawi mahali pake, na sisi tukasimama naye. Tukachoma fito zake, moto mdogo wa mzabibu mmoja, tukabanika viazi, tukala. Akarudisha mkasi mfukoni. Mizabibu mingine hakuigusa mpaka Mei.

Mwaka ule ndio nilijua kazi. Tulikata Mei, Ambakisye mbele anaimba Kinyakyusa, sisi nyuma. Juni na Julai ile baridi yetu ilikuja na macho ya mizabibu, pale inapochipulia, yakaduwaa, tukadhani yamekufa. Agosti yakaamka. Hakuna mvua, hakuna ukungu, mrututu kidogo tu. Bondeni majani yalijaa kama msitu na vishada vikavimba maji. Mlimani mizabibu ilikuwa mifupi, imekunja uso, na zabibu zake ndogo kama kunde, ngozi ngumu, nyeusi. Maji tulibeba kwa debe kutoka chemchemi pale kiangazi kilipozidi. Nyani walikuja. Nililala, siyo, nilishinda shambani napiga debe, na nyani mmoja mkubwa alinizoea mpaka akawa anangoja nimalize kupiga ndo anakula.

Wakati huo huo nilikuwa nachimba ghala. Padre alitaka chumba ndani ya mlima, mahali penye baridi, palepale mnapofanyia kazi. Ambakisye akaanza kupaita Makongolosi kwa kunicheka, kwamba Gaudensi amerudi kutafuta dhahabu. Jina likabaki. Wengi wenu mnadhani ni jina la mtakatifu fulani. Ni jina la ujinga wangu, na ni shimo langu la kwanza lililopata kuwa na kitu ndani.

Oktoba tukavuna. Bondeni pipa lake, mlimani pipa lake. Na Mama Odilia akahamia ghalani. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mapipa na mwiko wa ugali, akisukuma maganda yarudi chini kila yakipanda, na mtu yeyote akikaribia na kitu kinachofanana na chujio alikuwa anamwelekezea ule mwiko. "Nani alisema kuchuja?" alikuwa anauliza, kana kwamba wazo lile lilitoka kwetu.

Wiki za mwisho kabla ya Noeli, Padre Mkuu alikuja Makongolosi kuonja. Divai ilikuwa bado changa, lakini neno ni neno. Tulisimama wote: Ambakisye amevaa koti, Mama Odilia na mwiko wake, mimi nimeosha miguu bila sababu. Padre Anselmi alichota kwanza ya bondeni. Padre Mkuu akanywa, akatikisa kichwa. "Maji," akasema. Padre Anselmi naye akanywa, akakubali. Maji.

Akachota ya mlimani. Ilikuwa nyekundu, nyekundu kweli, ukiinua kikombe unaona giza katikati. Padre Anselmi akawa wa kwanza kunywa. Akaishikilia mdomoni, akafumba macho, na nikaona uso wake unashuka. Mle alikuwa anatafuta kwao. Alikuwa anatafuta ule mlima wa Burgonya na baba yake, miaka yote ile, mrututu wote ule. Akameza.

"Sio," akasema taratibu. "Sio ya kwetu."

Padre Mkuu alikuwa ameshika kikombe chake bado hajakinywa, na mimi nikawa naona viazi vimejipanga mpaka mlimani. Padre Anselmi akanipa kikombe chake, nadhani kwa kuwa alitaka mikono yake iwe mitupu.

Nikanywa. Divai sijui, vijana, hata leo mkiniuliza nasema nzuri au kali. Lakini hii ilinijia chumvi kidogo, halafu chuma, kama umelamba jembe, halafu mwishoni moshi, jiwe na jiwe.

"Padre," nikasema, "hii nilishaila."

"Nini?"

"Siku ya kwanza. Mule shimoni. Uliniambia nionje, nikatema. Ndo hii hii."

Akaninyang'anya kikombe. Akanywa tena, na safari hii macho yalikuwa wazi, yananitazama mimi. Nikaona anaacha kutafuta kitu kimoja na kuanza kuona kingine. Akaanza kucheka, kile kicheko cha siku ya mvua, lakini safari hii kilibaki kicheko mpaka mwisho.

Ndipo Padre Mkuu akanywa ya kwake. Alikunywa yote. Akaangalia ndani ya kikombe, akasema, "Udongo wa bondeni unafaa viazi kuliko huu wa mawe, au siyo, Anselmi?"

"Unafaa zaidi, Baba."

"Basi bonde nipe mimi. Mlima baki nao."

Ndo maana bondeni tunalima viazi mpaka leo, na ndo maana mizabibu yote iko kwenye mawe ambako mnavunja majembe na kunilaumu. Noeli ile divai ya mlimani iliwekwa kwenye kalisi. Mama Odilia alisali amekaa mstari wa mbele, ananyoosha shingo kuona kama padre atakunja uso. Hakukunja.

Padre Anselmi alikaa nasi muda mrefu baada ya hapo, na kila Januari alipanda kwenye jiwe kubwa kukata mzabibu wake mmoja. Alikata hata baada ya habari kufika kwamba baba yake amefariki. Hatukumuuliza. Alipozeeka, wakuu wake wakamrudisha kwao kupumzika. Tulimsindikiza mpaka kwenye lori. Ambakisye alimpa mkasi wake wa zamani, akamkumbusha asiutumie wakati wa mvua. Mimi niliropoka mambo ya nyani. Yeye akapanda, akakaa karibu na dirisha, akatuambia, "Siku ya Vinsenti nitajua mnafanya nini."

Basi lori likaondoka, na sisi tukawa hatuna la kufanya isipokuwa kukata.

Kwa hiyo, wewe wa mrututu, jibu lako ndo hilo. Mzabibu ule hautazaa, na haukuwekwa uzae. Ambakisye ameshatangulia, Mama Odilia naye, na padre alizikwa huko kwao, kwenye ule mlima wenye majina. Aliyebaki ni mimi, niko Mlandege na blanketi lenu, sijui mchana mnafanya nini huko juu, nani kavunja jembe, nani kachelewa. Nakaa tu nakisia.

Januari inakuja. Mkasi uko juu ya mlango wa Makongolosi, upande wa kushoto. Viazi chukueni vya bondeni, vile vidogo, mvifukie kwenye majivu na maganda yake. Mvua itakuwepo, msijisumbue kuingojea ikatike. Siku hiyo moja nataka nijue mnafanya nini.